Kwa nini mpira mweupe haurudi nyuma kwenye meza ya snuka?

Muulizaji

Habari zenu, ndugu. Nimecheza pool miaka mingi kwenye meza ndogo za kutumbukiza sarafu, na huko nilizoea kuupiga mpira mweupe chini kidogo ya katikati, ukagonga mwenzake, kisha ukarudi taratibu kuelekea kwangu. Tangu mwezi uliopita nacheza snuka kwenye meza ya futi 12, na pigo hilo limenigomea. Mpira ninaoulenga ukiwa umbali wa shubiri mbili, mweupe unarudi. Ukiwa mita moja na nusu, mweupe unasimama palepale, na mara nyingine unaufuata ule nilioupiga hadi mfukoni. Naamini ninapiga chini kila mara. Naomba nieleweshwe kinachotokea njiani.

Jibu la kwanza

Ndugu, kinachotokea njiani ni kazi ya kitambaa. Mpira uliopigwa chini ya katikati huondoka ukiteleza kwenda mbele huku ukizunguka kinyumenyume, na muda wote huo kitambaa kinausugua na kuupunguzia mzunguko. Baada ya umbali fulani mzunguko unakwisha na mpira unateleza tu. Ukiendelea zaidi, unaanza kubingirika mbele kama gurudumu. Kwa hiyo mweupe wako unaposimama, umefika mzunguko ukiwa ndiyo kwanza umekwisha. Unapofuata, ulikwisha zamani.

Mipira yote ya snuka ina kipenyo cha milimita 52.5 na uzito unaokaribiana sana, hivyo ikigongana uso kwa uso, mweupe humwachia mwenzake karibu mwendo wake wote, lakini mzunguko hubaki nao. Mzunguko huo uliobaki ndio unaoshika kitambaa na kuuvuta mpira nyuma.

Kasi ina nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ukiiongeza mara mbili, mzunguko hudumu umbali mara nne. Tuseme umepiga milimita 10 chini ya katikati, na msuguano wa kitambaa ni 0.2: kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, mzunguko utakwisha baada ya sentimita 60 hivi, ilhali kwa mita 4 kwa sekunde utafika karibu mita mbili na nusu. Kushuka chini zaidi kunasaidia pia, ila ukikaribia milimita 13 fimbo itateleza hata ukiipaka chaki vizuri.

Jibu la pili

Naafiki, na naongeza jambo linalowapotosha wengi wanaotoka kwenye pool. Katika meza nyingi za sarafu mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine, ili meza iweze kuutenga na kuurudisha unapotumbukia. Ukiwa na milimita 48 hivi na mingine 51, unakuwa mwepesi kwa karibu asilimia 18, na mpira mwepesi ukigonga mzito hurudi nyuma kidogo hata kama hauna mzunguko wowote. Ndugu muulizaji, sehemu ya ustadi uliokuwa nao ulikuwa unasaidiwa na wepesi wa mpira. Kwenye snuka msaada huo haupo.

Jibu la tatu

Kabla ya kuongeza nguvu, hakikisha unagusa pale unapodhani unagusa. Futa mpira mweupe vizuri, weka alama ndogo ya kalamu inayofutika katikati yake ikikutazama, paka chaki, piga, kisha upime umbali kati ya alama na doa la chaki. Wengi wetu hulenga chini, lakini wakati wa kusukuma fimbo tunakaza kiganja na ncha inapanda. Laza vidole vya mkono wa mbele ili fimbo ishuke ikiwa imelala. Usiinue kitako chake.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Jana nilipima mapigo kumi, na madoa mengi yalikuwa milimita 3 au 4 tu chini ya alama, ingawa ningeapa kwamba ni 10. Nililaza vidole, nikalegeza kiganja, na madoa yakashuka hadi milimita 8. Kwa mita moja mweupe sasa unarudi kama shubiri moja. Kwa mita moja na nusu bado unasimama, na nikiongeza kasi nakosa mfuko, kwa hiyo wiki hii nitabaki kwenye mita moja hadi mkono uzoee.