Magazini mbili za mabaki ya jeshi, Lee-Enfield No. 4 moja: nianzie wapi?

Mwenye_Namba4

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliowahi kuzishika bunduki hizi kwa muda mrefu. Nina Lee-Enfield No. 4 Mk I ya .303, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, ambayo mmiliki wa zamani aliikata mbao ya mbele na kuifanya bunduki ya uwindaji na ya kulenga shabaha. Ilinifikia bila magazini (kisanduku cha risasi), kwa hiyo nilinunua mbili zilizotoka katika mabaki ya jeshi, zote za risasi kumi. Ya kwanza huingia kwa kulazimishwa, na ikishaingia bolti hupita juu ya risasi ya kwanza bila kuisukuma, hasa nikiwa nimejaza chini ya risasi tano. Ya pili huingia kwa urahisi zaidi, lakini kila nikifika risasi ya nne au ya tano, risasi huruka kutoka upande wa kushoto kabla ncha yake haijaelekea chemba, kisha hukwama ikiwa imesimama. Majaribio yote nimeyafanya kwa risasi za bandia za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki.

Nimekwisha kuandaa koleo ili niikunje midomo ya hiyo ya pili, yaani kingo za juu zinazoshikilia risasi, lakini nimeona niulize kwanza. Mtu hujuaje kwamba kosa liko kwenye magazini na si kwenye bunduki? Je, springi za umri huu zinafaa kubadilishwa moja kwa moja bila hata kuzipima?

Fundi_wa_Jiliwa

Ndugu, tafadhali liweke koleo chini. Midomo ya magazini ya Lee-Enfield hukunjwa mwishoni kabisa, baada ya mambo mengine yote kuhakikishwa, kwa sababu ukiikunja ili ifuate kosa lililo mahali pengine utakuwa umeharibu magazini nzima na kosa litabaki pale pale.

Kwanza fahamu jinsi magazini hizi zilivyokusudiwa kutumika. Ingawa huchomoka, askari hakubeba magazini za ziada za kubadilisha vitani. Bunduki moja ilikuwa na magazini yake moja, na ilijazwa kutoka juu kwa klipu za risasi tano tano, klipu mbili zikaijaza. Kwa hiyo fundi wa jeshi aliilinganisha kila magazini na bunduki yake, akairekebisha mpaka ilishe vizuri, na katika baadhi ya bunduki za zamani aliigonga hata namba ya bunduki hiyo. Unaponunua magazini ya mabaki unapata kitu kilichokwisha kuzoeshwa bunduki nyingine ambayo huenda ilishafumuliwa zamani. Hata kama No. 4 yako na magazini vyote vilitengenezwa katika kiwanda cha Fazakerley, au kimoja kilitoka Long Branch na kingine kwa Savage, hakuna ahadi kwamba vitapatana siku ya kwanza.

Hakikisha pia aina. Magazini ya No. 1 Mk III haibadilishani na ya No. 4 bila kuchongwa, na watu wengi huuziwa moja wakidhani ni nyingine. Ya No. 5, ile bunduki fupi ya msituni, ni sawa na ya No. 4. Ukiona magazini yenye pembe za mraba zaidi, hiyo huenda ni ya Ishapore 2A1 ya India, inayotumia risasi za 7.62 mm zisizo na ukingo unaotokeza nyuma, nayo haikuhusu.

Sasa fanya jaribio hili kwa risasi za bandia, kidole kikiwa mbali na triga. Weka magazini ya kwanza, halafu isukume juu kwa kiganja cha mkono wa kushoto kutoka chini huku ukisogeza bolti mbele taratibu. Ikiwa risasi inashikwa na kuingia unaposukuma, na inaachwa unapoondoa mkono, basi midomo haina hatia; magazini inakaa chini mno. Hapo utatazama kishikizo cha magazini na jino la nyuma ya magazini kama vimelika, na utatafuta mahali ambapo mbao au kinga ya triga inaibana isipande mpaka mwisho. Uliposema kwamba inaingia kwa kulazimishwa, mimi nilianza kuishuku bunduki.

Nina swali moja ambalo litaonekana liko nje ya mada, lakini sivyo: unapovuta triga, je, unasikia hatua mbili, ya kwanza nyepesi na ya pili nzito, au ni mvuto mmoja tu?

Shabaha_Mita300

Niongeze jambo la ujazaji, kwa sababu kuna wakati magazini hulaumiwa bure. Risasi ya .303 ina ukingo unaotokeza nyuma ya ganda. Ukiijaza magazini kwa mkono, ukingo wa kila risasi unayoiweka lazima uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma yake, bolti ikisukuma risasi ya juu ukingo wake utaishika ile ya chini na zote mbili zitakataa kwenda. Baadhi ya bunduki zilizogeuzwa za uwindaji zilisagwa hata lile daraja la klipu juu ya bolti, na mwenyewe hulazimika kujaza moja moja. Huyo ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Kuhusu kuchagua, usiiache kando magazini fupi ya risasi tano. Haitokezi chini ya mbao, na bunduki ukiibeba mkononi hushikika vizuri katikati, pale pale uzito unapolingana. Kabla ya kununua yoyote, soma sheria ya mahali ulipo kuhusu idadi ya risasi zinazoruhusiwa katika bunduki ya uwindaji, na kama magazini yenyewe inahesabiwa kuwa sehemu inayohitaji kibali.

Kwa upande wa springi, mimi huivuta kidogo kwa mkono ili irefuke, na mara nyingi hutosha.

Fundi_wa_Jiliwa

Kwa yote aliyoyasema Shabaha juu ya kingo za risasi nakubaliana naye kabisa, lakini kuhusu kuivuta springi siwezi kunyamaza. Springi ya magazini hii ni utepe wa chuma uliokunjwa mkunjo baada ya mkunjo. Ukiuvuta, mikunjo ndiyo inayobeba maumivu yote, na baada ya siku chache za mazoezi hurudi ilivyokuwa au hupungua zaidi, tena kwa upande mmoja, kiasi kwamba kibao cha kuinulia risasi huanza kuinama. Springi iliyochoka hubadilishwa. Hata hivyo, nyingi hazijachoka. Zimekwama katika grisi ya kuhifadhia ambayo imekauka ikawa kama gundi.

Toa kibao na springi hivi: kikandamize kibao upande wa nyuma mpaka upande wa mbele uinuke na kupita midomo ya mbele, kisha kitoe chote. Kabla ya kukitoa, tazama au piga picha jinsi springi ilivyokaa, kwa sababu ukiirudisha kinyume kibao kitaelekea upande usiofaa. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha vizuri, na pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo sana, maana mafuta mengi hukusanya vumbi na yanaweza kupenya kwenye fataki za risasi. Kama bati la ubavuni limebonyea, chonga kipande cha mbao ngumu kinachoenea ndani, kisha lirudishe kwa kugonga polepole kutoka nje na ndani.

Mwenye_Namba4

Nashukuru sana, wazee wangu. Nimefanya jaribio la kusukuma kwa kiganja, na magazini ya kwanza ililisha risasi zote kumi bila kukosea. Nilipoondoa mkono, tatizo likarudi. Kuhusu triga, ni mvuto mmoja tu, mfupi. Nilidhani aliyeigeuza bunduki ndivyo alivyotaka.

Fundi_wa_Jiliwa

Basi usiifyatue bunduki hiyo kwa risasi halisi mpaka jambo hili lirekebishwe. Katika No. 4 Mk I triga imefungwa kwenye kinga yake, wala si kwenye mwili wa bunduki kama ilivyo katika Mk 2. Kwa hiyo kinga ikisogea karibu na mwili kupita kiasi, triga nayo husogea juu, hatua ya kwanza ya mvuto hupotea, na bunduki inaweza kujifyatua yenyewe bolti inapofungwa kwa nguvu. Kinachozuia kinga isisogee ni bushi ndogo ya chuma iliyo ndani ya mbao, ambayo skrubu kuu ya mbele ya kinga hupita katikati yake. Watu wanaokata mbao hizi mara nyingi huipoteza bushi hiyo, halafu huikaza skrubu kwa nguvu zote, mbao ikabonyea na tundu la magazini likahama. Fungua skrubu hiyo uangalie.

Mwenye_Namba4

Bushi haimo, na mbao kuzunguka tundu la skrubu imebonyea hadi kuwa nyeusi.

Fundi_wa_Jiliwa

Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Atajaza mbao iliyobonyea, ataweka bushi ya urefu unaostahili, na baada ya hapo ataipima triga na usalama wake. Likishakamilika hilo ndipo urudi kwenye magazini. Pake wino kwenye kingo za midomo, endesha bolti mara kumi, kisha tazama kama wino umefutika. Ukifutika, magazini imepanda mno na bolti inaigusa.

Kuhusu ile ya pili inayorusha risasi upande wa kushoto, huenda mdomo wa kushoto wa nyuma umepanuka. Hukunjwa kwa kuingiza fimbo ya chuma yenye unene unaokaribiana na wa ganda, magazini ikiwa imeshikwa kwenye jiliwa lenye mbao pande zote mbili, na kusukumwa kidogo mno, pengine unene wa karatasi mbili, kisha kujaribiwa tena. Lakini kabla ya kuikunja, toa rangi yote kwenye kona ya mdomo na uitazame kwa kioo cha kukuzia. Chuma kilichokunjwa mara nyingi na mafundi waliotangulia hupasuka hapo, na rangi huficha ufa.

Mwenye_Namba4

Nimerudi baada ya wiki tatu. Fundi ameweka bushi mpya na kuijaza mbao, na triga sasa ina hatua mbili zinazosikika wazi. Magazini ya kwanza inaingia bila kulazimishwa, inalia inaposhikwa na kishikizo, na imelisha risasi za bandia kumi mara nane mfululizo, kisha za kweli ishirini kwenye uwanja wa shabaha, bila mimi kugusa mdomo wake hata kidogo.

Ile ya pili niliitoa rangi kama ulivyoelekeza, nikakuta ufa mwembamba kama unywele kwenye kona ya nyuma ya mdomo wa kushoto. Springi na kibao chake ni vizima, nimevihifadhi viwe vya akiba. Bati lake nimelibonda kwa nyundo, lisije likapakwa rangi tena na kuuzwa kwa mtu mwingine.