Gumzo la kikundi: Jamaa wa Mji wa Kale

Swaleh: Assalamu alaykum jamaa. Nimetoka makumbusho ya katuni sasa hivi hapa Brussels. Lazima niwaelezeni.

Mama Zuhura: Waalaykum salaam mwanangu. Ushakula?

Swaleh: Nishakula mama. Khalid yupo? Haya yanamhusu yeye.

Khalid: Nipo mjomba.

Swaleh: Kwanza jengo lenyewe. Lilikuwa duka la jumla la vitambaa, alilichora Victor Horta, likamalizika 1906. Paa la vioo, mwanga unashuka mpaka chini. Duka lilipofungwa likaachwa likachakaa. Mwaka 1989 ndipo likafunguliwa kuwa makumbusho.

Mwanaisha: Duka la vitambaa! Wale wa Biashara Street wasikie hii 😀

Khalid: Tintin, yule kijana mwanahabari wa katuni, yupo?

Swaleh: Yupo, na roketi yake nyekundu na nyeupe imesimama ukumbini. Wale wadogo wa buluu wa mchoraji Peyo, Smurfs, pia wapo. Lakini kilichonishika mimi ni kurasa za asili, zile alizozishika mchoraji mwenyewe. Unaona penseli chini ya wino. Unaona rangi nyeupe pale alipofunika mstari akauchora upya. Na karatasi ni kubwa kuliko ukurasa wa kitabu, wakichapa ndipo wanaipunguza. Kwa hivyo usijibane kwenye daftari la hesabu.

Khalid: Mimi nikikosea huchana yote.

Swaleh: Usichane! Funika, chora tena. Wakubwa wote ndivyo walivyofanya.

Ami Athmani: Hebu nikuulize. Huyo Hergé wa Tintin si ndiye aliyetuchora vibaya sisi Waafrika kwenye kile kitabu cha Tintin huko Kongo?

Swaleh: Ndiye, ami. Kilianza kutoka gazetini 1930, na Kongo yenyewe hajatia mguu. Watu wazima kawachora kama watoto wasio na akili. Mkongo mmoja alikishitaki hapa Ubelgiji 2007, na 2012 mahakama ikamkatalia. Nilikuwa nalo kichwani muda wote. Ustadi wa mkono wake siukani, na tusi lile silisamehe.

Ami Athmani: Umesema vyema. Khalid aambiwe yote mawili.

Ami Athmani: Sisi tulikuwa na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau, kwenye gazeti la Taifa Leo. Nikifungua gazeti naanzia hapo, habari za wakubwa baadaye. Nilikuwa nakata na kuweka.

Mama Zuhura: Na yale mengine tukafungia mahamri.

Ami Athmani: Huo ndio uchungu wangu, Zuhura. Kazi ya mtu ya miaka mingi. Niliyoyakata yamo kwenye bati la biskuti, yamegeuka manjano.

Swaleh: Ami, usiyaanike juani tafadhali! Karatasi ya gazeti ina asidi inayoila yenyewe, na jua na unyevu wetu wa pwani huzidisha. Hata huku kurasa za asili hawaziachi ukutani muda mrefu, mwanga unaziharibu. Kavu, gizani, na karatasi safi isiyo na asidi kati ya kila kipande.

Mwanaisha: Mbona Fort Jesus wameweza? Ile michoro ya Wareno, merikebu na watu, kwa makaa na ngeu, ule udongo mwekundu, kwenye plasta, bado ipo. Khalid alisimama pale mpaka nikamvuta mkono.

Khalid: Babu Athmani, nije Jumamosi tuyapange?

Ami Athmani: Njoo baada ya alasiri, mikono mikavu.

Swaleh: Na kila kipande kipigeni picha kwanza, muandike na tarehe ya gazeti kama ipo. Nitumieni zote.