Madoa yenye ukingo mwekundu kwenye majani ya pamba: ni ugonjwa au kinga?

NgwanaMeatu: Wakuu, pamba yangu ina madoa ya pembepembe kwenye majani. Miche mingine madoa yana majimaji na yanasambaa. Mingine ni vidoa vidogo vikavu, na pembeni yake jani limekuwa jekundu. Jirani anasema hiyo yenye wekundu ndiyo imezidiwa, ning'oe. Mzee anasema niiache. Nimsikilize nani?

BwanaShambaMstaafu: Msikilize mzee. Doa linaloishia kwenye mshipa wa jani mara nyingi ni la bakteria. Likiwa dogo na kavu, ujue mmea umepigana. Seli zilizovamiwa hufa upesi, na eneo hilo hutengeneza sumu ambazo jani lisilougua halina. Mojawapo ni dihidroksikadaleni. Hiyo ni kali zaidi ikipigwa na jua, tena haichagui: inaua bakteria, inaunguza na seli za pamba. Ndiyo maana ya wekundu. Seli zinazopakana na doa hujijaza rangi, jamii moja na ile ya rosela, inayozuia mwanga unaoiamsha sumu. Mimi nikiuona wekundu huo shambani nafurahi. Aina za pamba ziitwazo UK, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Mwanza, zilichaguliwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuhimili ugonjwa huu. Yenye majimaji huenda ni mbegu iliyochanganyika.

MamaKuku: Shikamoo mzee. Sumu hiyo ndiyo vile vitone vyeusi vya kwenye majani na mbegu za pamba? Niliambiwa kuku wasile mashudu ya pamba.

BwanaShambaMstaafu: Marahaba. Hapana, vitone ni gosipoli. Ni ndugu wa hizo nilizotaja, ila yenyewe ipo tangu mwanzo, haingoji mmea uugue. Kazi yake kubwa ni kuzuia wadudu. Wamarekani walipata pamba isiyo na vitone miaka ya 1950, wadudu wakaishambulia vibaya. Mwaka 2018 wakaruhusu nyingine, ya Texas, ambayo gosipoli imepungua kwenye mbegu tu, majani yamebaki nayo. Kuku wa mayai usiwape mashudu hayo, kiini cha yai hugeuka kijani cha matope. Ng'ombe mkubwa anahimili kwa sababu ya tumbo lake la kucheua. Ndama hapana.

NgwanaMeatu: Na mnyauko fuzari? Huo hauonyeshi doa.

BwanaShambaMstaafu: Huo ni wa kuvu, hupitia mizizini, vita viko ndani ya mirija ya maji. Sumu ni za ukoo huohuo, ila mmea ukichelewa kuzitengeneza, kuvu ameshapanda juu. Chana shina, ukiona kahawia ndani ndio huo. Kwa hayo madoa yako, choma masalia baada ya mavuno, na mbegu usichukue kwenye miche yenye majimaji.

NgwanaMeatu: Asante mzee. Jirani nimemtumia hii, amesoma, hajajibu.