Jimny mpya Dar hadi Kitulo: naomba ushauri kabla ya safari ya Katavi

Mwana wa Matema
Wakuu, habari zenu. Nimerudi kutoka hifadhi ya Kitulo na Suzuki Jimny yangu mpya, kale kagari kadogo ka 4x4, ile ya milango mitatu, injini 1.5, gia za mkono. Naeleza nilivyoiona njiani, kisha mnishauri.

Dar hadi Morogoro ni malori tu, hakuna cha kupima. Kuanzia Mikumi ndipo gari inajieleza. Ukitembea 80 hadi 90 imetulia. Ukifika 100 injini iko juu ya 3,000, kelele inaingia ndani, na upepo wa pembeni unaisukuma kwa sababu ni fupi na ina umbo la boksi. Kulipita lori lazima urudishe gia na uone mbali kabisa. Mlima Kitonga nimepanda nyuma ya semi kwa gia ya pili bila wasiwasi. Mafuta inakwenda kilomita 13 hivi kwa lita, ila tanki ni lita 40 tu.

Utamu wenyewe ni Chimala. Zile kona 57 za kupanda Matamba nilizikuta zimelowa, udongo unateleza. Nikaweka 4L, yaani gia nzito ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, gari ikapanda taratibu kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Tairi moja likianza kuzunguka bure, breki inalikamata yenyewe na nguvu inahamia upande wa pili. Kule juu, kwenye mita 2,600 hivi, unasikia kabisa injini imepungua nguvu, lakini kwa gia nzito haikuniangusha popote. Naipenda hii gari kwa dhati.

Kiangazi hiki nataka kwenda hifadhi ya Katavi na mke wangu na mtoto, kupitia Tunduma na Sumbawanga. Nafikiria kuinyanyua inchi 2, kufunga matairi 235/75, na keria ya kubeba hema na madumu ya mafuta. Fundi mmoja kaniambia haina shida. Mnasemaje?

Fundi Ekseli
Mkuu, usiinyanyue. Jimny mbele ina ekseli moja nzima. Ukiinua springi bila kurekebisha ile mikono inayoishika, ekseli inageuka, usukani unakuwa mwepesi na gari inatangatanga kwenye lami. Kile chuma cha kuzuia ekseli isiende pembeni nacho kinaivuta upande mmoja. Wengi wanaolia usukani unatetemeka kwenye 80 au 90, ukichunguza utakuta wameanzia hapo, au matairi hayajafanyiwa balansi.

Hayo 235/75R15 yana kipenyo cha karibu milimita 733, na yako ya sasa, 195/80R15, ni 693. Injini ya farasi 102 itaisikia tofauti hiyo kwenye kila mlima. Dashibodi nayo itasoma spidi pungufu karibu asilimia 6, na tochi za trafiki vijijini unazijua. Ukitaka kubadilisha, chukua 215/75R15 za vumbi, inatosha.

Kipanga wa Uyole
Familia, hema, Katavi? Uza hiyo, tafuta Prado. Jimny viti vya nyuma vikiwa vimesimama, buti ni lita 85. Begi moja limejaa.

Mwana wa Matema
Nimekusikia mkuu, lakini tuko watatu. Kiti kimoja cha nyuma nitakilaza. Prado nzuri kwa hela hii ni ya zamani, na mimi nilitaka gari ninayoijua historia yake tangu kilomita ya kwanza.

Mama Rukwa
Kaka, mimi natokea Sumbawanga. Madumu ya nini? Sumbawanga hadi Mpanda haifiki kilomita 300, na miji yote miwili ina sheli. Jaza tanki, unafika. Ukitaka kuzunguka hifadhini siku kadhaa, beba dumu moja tu, ulijaze Mpanda.

Cha kuogopa Katavi ni udongo mweusi. Ukilowa, hata Land Cruiser inalala humo. Nenda Julai hadi Oktoba: barabara zimekauka na viboko wamesongamana kwenye mto Katuma uliobaki madimbwi. Na mbung'o ni wengi sana. Mtoto msimvalishe nguo nyeusi wala za bluu iliyokolea, na vioo vifungwe.

Fundi Ekseli
Dada kasema kweli. Keria nayo iangalie vizuri: kitabu cha gari kinaruhusu kilo 30 tu juu ya paa, pamoja na keria yenyewe. Hema la juu ya gari peke yake linapita hapo. Chukua hema la chini, liweke ndani. Kilichokupandisha Chimala ni wepesi wa gari, sasa usiuue kwa mizigo.

Kwenye vumbi lenye mawimbi punguza upepo wa matairi hadi PSI 20 hivi, utembee polepole. Nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, ukirudi lami ujaze tena.

Mwana wa Matema
Nashukuru sana. Springi zinabaki zilivyo, keria siweki. Mama Rukwa, kwa mtoto wa miaka sita tulale Mpanda mjini tuwe tunaingia asubuhi, au kuna sehemu salama ya kupiga hema Sitalike?

Mama Rukwa
Laleni Sitalike, ni mlangoni mwa hifadhi. Ila hema msilisogeze mtoni, viboko wanatoka usiku kula majani.