Naomba ushauri: bendi yetu ipige ufunguo gani?

Ndugu zangu, salamu kutoka Malindi. Napiga gitaa kwenye bendi ndogo ya harusi. Siku zote tumezoea funguo (noti za msingi wa wimbo) za G, D, A na E, maana hapo nyuzi za wazi zinalia zenyewe, vidole havichoki. Sasa tumempata mpiga tarumbeta, mkongwe hasa, ila tukishika E ananuna: tarumbeta lake ni la B flati, noti zake huandikwa hatua nzima juu, hivyo kwake E inageuka F shapu, yenye shapu (alama za kupandisha noti nusu hatua) sita! Yeye ataka B flati au E flati. Humo mimi ni kubana nyuzi zote mpaka mkono ufe ganzi. Kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) kwenye fereti ya kwanza (kijichuma cha kwanza shingoni mwa gitaa) nimejaribu. Nashika A, yatoka B flati, lakini solo zanipotea. Tukutane F au C? Au tumfuate mwimbaji, ambaye sauti yake haipandi?