Umeme na maji kwenye magemu ya kujenga miji: watu wa visiwani tupeane uzoefu

Mwana wa Kisimamajongoo
Assalaamu alaykum jamani. Nataka tukusanye hapa visa vya wale tunaocheza magemu ya kujenga miji, lakini upande mmoja tu: umeme na maji. Barabara na foleni zina watu wake.

Mie nnaamini mtu wa Unguja au Pemba analifahamu jambo hili mapema kuliko wengi, maana umeme wetu unapita chini ya bahari. Mwaka 2008 waya ulipoharibika Unguja ilikaa giza kama mwezi mzima, na Disemba 2009 mpaka Machi 2010 giza likarudi. Waliokuwa na akili zao wakati ule watakwambia kilichouma zaidi si taa, ni maji. Pampu zilisimama, watu wakarudi kwenye ndoo na kamba.

Gemu la kompyuta la Cities: Skylines, la 2015, limelishika hasa jambo hili. Pampu inataka umeme. Ukijaza nyumba bila kuongeza umeme, mitaa inaanza kuzimika, mara pampu nayo inazimika, na hapo hata mwenye taa nyumbani mfereji wake mkavu. Watu wanahama, kodi inashuka, na ndio saa hiyo unataka fedha za kujenga kituo kipya. Utaratibu wangu: sifungui mtaa mpya kabla ya kutazama ramani ya umeme na kulinganisha kinachozalishwa na kinachotumika. Nikiona vinakaribiana, napandisha bajeti ya umeme kwanza, maana inaruhusu kufika asilimia 150, na vituo vilivyopo vinatoa zaidi papo hapo. Gharama ni kubwa, lakini mji hauzimiki wakati najikusanya. Karibuni.

Mkaazi wa Wesha
Waalaykum salaam kaka. Sisi wa simu msitusahau. Nacheza SimCity BuildIt, na humo hakuna kuvuta waya wala kuzika mabomba. Unahesabiwa jumla: mji mzima unataka kiasi gani, na wewe unacho kiasi gani. Watu wengi hudhani ndio rahisi, lakini kazi iko pale pale. Kila unapoipandisha nyumba daraja inataka umeme zaidi, maji zaidi, na maji taka yanaongezeka. Kwa hiyo mie kabla sijapandisha nyumba yoyote natazama nimebakisha nini kwenye vyote vitatu.

Kituo cha makaa ya mawe nakiweka kwenye pembe ya mwisho ya ramani, duara lake la uchafu nusu liangukie nje ambako hakuna anayekaa. Umeme wake ni wa bei nafuu, ila hakai mtu karibu yake. Hapa Pemba kabla ya waya wa Tanga kuja mwaka 2010 tulikuwa na majenereta ya dizeli, kwa hivyo habari ya moshi na kelele siihitaji kuhadithiwa.

FundiPampu
Nyote mmesema vizuri, lakini hamjagusa maji yanatoka wapi. Kazi yangu ni visima na pampu, basi humo ndimo ninamoangalia kwanza.

Cities: Skylines ya kwanza inakupa njia mbili: pampu ya ukingoni mwa maji, au mnara wa kuvuta maji ya ardhini. Mnara ni wa kwetu kabisa. Unguja hatuna mito mikubwa, tunakunywa ya chini, yaliyohifadhiwa kwenye mawe ya matumbawe. Mnara hauhitaji mto, unachoogopa ni ardhi chafu tu. Ukiuweka jirani na viwanda, maji yanatoka machafu na watu wanaumwa. Hilo ni kweli tupu hata hapa, ndio maana choo na kisima havikai pamoja.

Lakini gemu lenyewe lina upungufu mmoja ambao mtu wa pwani anauona mara moja: ukiweka pampu baharini inatoa maji matamu! Bahari yao haina chumvi. Nendeni mkachimbe kisima karibu na ufukwe, mvute kwa nguvu, muone kama hamkupata maji ya chumvi. Toleo la pili, lililotoka Oktoba 2023, limejitahidi zaidi. Maji ya ardhini yana maeneo yake na kiasi chake, yanajirudisha polepole, na ukivuta kuliko yanavyojaa yanapungua. Mie huko siweki pampu zote mahali pamoja. Naweka moja hapa, nyengine mbali, na kila moja haivuti mpaka mwisho.

Mzee wa Malindi
FundiPampu, hilo la chumvi mbona la zamani? SimCity 2000 ya mwaka 1993 ilikuwa nalo. Pampu ikikaa ubavuni mwa maji matamu inatoa zaidi, lakini maji ya bahari yalitaka mtambo maalumu wa kuondoa chumvi. Na vituo vya umeme humo vina umri. Kingi kinaishi miaka 50 halafu kinakufa. Niliwahi kuona mji uliokuwa ukimeta ukazimika wote kwa sababu vituo vilijengwa mwaka mmoja, vikafa mwaka mmoja. Tangu hapo navijenga kwa kuachanisha miaka.

KijanaWaFuoni
Naongeza la maji taka kwenye Cities: Skylines ya kwanza, maana miji ya wengi inaugua hapo. Wanafundisha "bomba la maji taka liwe chini ya mkondo, pampu iwe juu." Sawa, kwenye mto. Lakini mie napenda ramani za visiwa, na kwenye ghuba mkondo ni dhaifu mno. Uchafu hauondoki, unaranda pale pale, rangi ya kahawia inatanuka kidogo kidogo. Halafu pampu zenyewe zikivuta kwa nguvu zinaugeuza mkondo, uchafu unakuja wenyewe kwenye pampu. Niliukuta mji wa mdogo wangu umejaa alama za wagonjwa, hospitali zote zimejaa, na yeye anazidi kujenga hospitali. Tatizo lilikuwa baharini. Tulibomoa pampu ya ghuba, tukaweka minara ya maji upande wa pili penye ardhi safi, na bomba la maji taka tukalipeleka rasini kwenye bahari ya wazi. Walipona wote.

Mwana wa Kisimamajongoo
Kijana, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ukiona hospitali zimejaa, fungua ramani ya maji kwanza.

Bint Jambiani
Mie nilijenga bwawa la umeme. Umeme ulikuwa mwingi, lakini nyuma ya bwawa maji yalipanda na kuzamisha mtaa. Sasa nasubiri bonde lijae ndipo nijenge nyumba. Vinu vya upepo navipenda zaidi, ingawa katika toleo la kwanza upepo haujui kaskazi wala kusi. Pahala penye upepo pana upepo mwaka mzima.

Mzee wa Malindi
Na wenye toleo la pili mnaonaje ule umeme wa kununua nje? Unavuta laini kubwa mpaka ukingo wa ramani, unapitisha kwenye transfoma, mji unawaka.

Mwana wa Kisimamajongoo
Maalim, nautumia, lakini siutegemei peke yake. Unguja ilikuwa na waya mmoja wa baharini kutoka mwaka 1980, ukatosha miaka mingi, mpaka siku ulipokatika. Wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013. Mji wangu wa kisiwa unanunua umeme nje, una vinu vyake, na una kile kituo cha betri chenye jenereta ya dharura. Fedha ya kodi inayobaki ni ndogo kidogo, sawa.

Mkaazi wa Wesha
Mdogo wangu ana kompyuta na lile toleo la kwanza, mji wake umezimika wote na fedha hana. Aanzie wapi?

FundiPampu
Dada, aanze na pampu, asianze na nyumba. Asimamishe gemu kwanza. Azime majengo makubwa ambayo si ya lazima, yale ya kuzimwa kwa kitufe chake. Kisha ajenge kinu kimoja cha upepo, avute waya wake peke yake hadi kwenye pampu na mtambo wa maji taka, na asiuunganishe na mji. Atazame hili kwa makini: majengo yaliyo jirani yanapitishiana umeme yenyewe, kwa hiyo nyumba moja tu ikikaa karibu na ule waya, mji mzima utaunyonya na pampu itazimika tena. Aache uwazi pande zote, barabara haina neno, haipitishi umeme. Maji yakirudi watu wanaacha kuhama, kodi inaingia, halafu ndio ajenge kituo kikubwa. Kama fedha hazifiki hata kwa kinu, achukue mkopo mdogo kwa hilo tu. Akwambie ramani gani, nikijua upepo uko wapi nitamwelekeza pa kukiweka.