Kikundi cha Familia, Jumatatu 12 Oktoba 2020

Kaka Salim: Mwalimu, habari za shule? Leo ndiyo mmefungua tangu zifungwe Machi kwa ajili ya corona, tunasubiri hapa.

Mwanaisha: Kaka shikamoo. Ndiyo naingia, sauti sina. Barakoa tangu asubuhi, kila neno nalisema mara mbili.

Mama: Pole mwanangu. Tangawizi iko jikoni. Watoto wamekuja?

Mwanaisha: Gredi ya 4 na darasa la 8 tu, Mama, wengine bado wako nyumbani. Kwa hiyo nafasi ipo. Mita moja na nusu tumeipima kwa kamba, tukachora chaki sakafuni. Wakirudi wote sijui tutawaweka wapi, labda chini ya mwembe.

Rehema: Na barakoa wanavaa kweli anti?

Mwanaisha: Asubuhi getini wote. Kufika mapumziko washabadilishana! Mmoja namsikia, "nipe yako ya maua, nikupe yangu."

Kaka Salim: 😂😂😂

Mwanaisha: Cheka tu. Hao wa gredi ya 4 wamenitia simanzi. Kuna anayeshika penseli kama kisu cha kumenyea muhogo. Jina lake alianza vizuri, katikati akakwama, akabaki kunitazama. Tangu Machi hajaandika kitu.

Ami Juma: Si kulikuwa na masomo redioni?

Mwanaisha: Ami, redio ya nani? Wazazi wengi hapa walikuwa wa mahotelini, na kazi zenyewe zimesimama. Watanunua betri au unga?

Rehema: Na yule bingwa wako wa hesabu?

Mwanaisha: Hakuja. Nimempitia jioni, yuko stejini anaosha bodaboda. Akanijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, leo nimepata mia mbili." Na mtihani wa darasa la 8, KCPE, ni Machi!

Mama: Si mtoto wa yule muuza viazi vya karai? Alfajiri nitakwenda kuongea na mamake.

Mwanaisha: Mama, na sukari yako hiyo? Huendi popote. Na mimi chakula changu kiacheni barazani, sitaingia ndani kwako mpaka nijue hali.

Mama: Unanikimbia nyumbani kwangu?

Ami Juma: Mwanaisha yuko sawa, bibie. Nitakwenda mimi, babake tunacheza bao pamoja.

Kaka Salim: Natuma mia tano M-Pesa, mpe huyo kijana asione amepoteza.

Mwanaisha: Asipewe yeye kaka. Apewe mamake. Yeye akizishika, kesho yuko stejini tena.

Ami Juma: Sawa. Saa moja nitakuwa naye getini.

Mwanaisha: Na barakoa Ami. Yako, si ya kuazima.